Ruhusa ya Kula Kila Kitu

"Sasa umupe kile anachopenda," Geneviève alisema. "Kila kitu. Hata cha mafuta."

Ernestine alikuwa amesimama kwenye varanda ya hospitali ya Lemera, ameshika kwa mikono miwili kopo la uji lililofungwa kwa kipande cha kitenge ili lisipoe. Ulikuwa uji wa mchele, umechujwa mara mbili. Aliupika alfajiri kule Uvira, akaupakata njia yote, kuvuka tambarare ya Ruzizi na kupanda mlima, ili mume wake akitoka kupimwa apate kitu cha kuweka tumboni. Na muuguzi huyuhuyu aliyemfundisha kuuchuja sasa alikuwa akimwambia kwamba si lazima tena.

Alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kama ni pamoja na samaki wa kukaanga. Geneviève akasema ndiyo. Akauliza juu ya bugali wa muhogo, maharagwe yenye maganda, mahindi ya kuchoma. Ndiyo. Na pilipili? Muuguzi alimshika kiwiko, akamsogeza mpaka mwisho wa varanda, mahali pasipokuwa na wagonjwa, ambapo mtu aliweza kuona njia za miguu zikishuka katikati ya mashamba.

"Mama Noella, tumeona kwa eko. Ile kitu imerudi. Imeshika maini. Dokta hawezi kukata tena."

Ernestine aliijua eko, ile mashine yenye kioo cha kijivu cha kuchungulia tumbo. Miezi minane iliyopita ndiyo iliyoonyesha uvimbe. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu.

"Tulikuwa tunamukataza juu tulitaka apone," Geneviève aliendelea. "Sasa kumukataza ni kumutesa bure."

Ernestine akauliza kama mwenyewe ameambiwa. Muuguzi akasema daktari alitaka kumweleza, lakini mgonjwa alimkatiza maneno. Alisema waambie bibi yake, yeye ndiye anayepika.

Kupitia mlango uliokuwa wazi Ernestine alimwona mume wake, Herménégilde, ameketi pembeni ya kitanda cha kupimia, akifunga vifungo vya shati kimoja kimoja kwa vidole vyake vinene vya fundi mwashi. Vidole ndivyo vilivyokuwa vimebaki vile vile. Kingine chote kilikuwa kimepungua.

"Na huu uji?" aliuliza.

"Kama anautaka," Geneviève akajibu.

*

Watu wa mtaa wa Rugenge walimjua Ernestine kwa mafuta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikaanga mikeke, samaki wa ziwani, kando ya barabara. Kwanza alikuwa karibu na ufuo, mpaka mwaka ambao ziwa lilipanda likameza kibanda chake na vibanda vya wenzake, kisha akahamia juu, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Aliyajua mafuta kwa sikio. Yakiwa baridi bado, samaki akiingia hunyamaza. Yakiwa tayari, hulia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na ile sauti ikianza kukauka, hapo ndipo samaki hugeuzwa. Hakuhitaji kutazama. Angeweza kukaanga huku akizungumza na wateja, kichwa kageuza upande mwingine, na hakuna mkeke ulioungua.

Herménégilde mwenyewe alimpata kwa njia hiyo. Alikuwa kijana kutoka milima ya Lemera, amekuja mjini kujenga ukuta wa mtu jirani na kibanda cha Ernestine, ukuta wa mawe ya mto Mulongwe. Kila adhuhuri alikula mikeke miwili na bugali. Ukuta ule ulichukua muda mrefu kuliko ukuta wowote wa urefu huo. Ulipokwisha, aliendelea kuja, na mwezi uliofuata alikuja na kaka zake kumposa.

Alikuwa mlaji. Hakuwa mlafi, lakini alikula kama anavyofanya kazi, bila haraka, bila kuacha kitu, mpaka kichwa cha samaki na mapezi. Kwa hiyo alipoanza kusukuma sahani kando, Ernestine aliona kabla yeye mwenyewe hajakiri. Kwanza walisema ni amiba. Baadaye wakasema ni tifoidi. Alikunywa dawa za famasi, akanywa mizizi, akakaza mkanda wake tundu baada ya tundu. Siku alipotapika kitu cheusi kama kahawa kwenye mchanga wa kazini, wenzake walimleta nyumbani kwa pikipiki, na kesho yake wakapanda Lemera.

Walimkata sehemu kubwa ya tumbo. Daktari alikunja ngumi, akamwonyesha Ernestine: kilichobaki kiko hivi. Nacho si cha kuchezea.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na kibanda cha bati ambapo jamaa za wagonjwa walipika. Hapo ndipo Geneviève alimfundisha. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Hakuna kukaanga, hakuna kuchoma, hakuna maganda. Asinywe maji pamoja na chakula. Akimaliza kula alale kidogo, ubavu wa kushoto. Ernestine alisikiliza huku akiangalia sufuria lake la maji na kuona kwamba hana ujuzi wowote. Mafuta husema. Maji yalikuwa yakichemka tu, hayamwambii kitu.

Waliporudi Uvira alianza kujifunza kwa mwili wa mume wake, na kila kosa lililipwa na mwili huo. Ndizi ya kuchoma, ambayo Ernestine alidhani ni laini, ilikaa juu ya tumbo lile kama jiwe mpaka jioni. Ndizi hiyohiyo ikichemshwa na kupondwa na maji yake ilishuka bila shida. Maharagwe aliyaloweka usiku kucha, akayamenya moja moja, akayachemsha asubuhi nzima. Nusu yalikaa salama, nusu yalimpa gesi iliyomfanya atembee uani ameinama. Maziwa freshi ndiyo yaliyomtisha zaidi. Dakika ishirini baada ya kuyanywa Herménégilde alianza kutoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akalala sakafuni akitetemeka na kusema anakufa. Umutesi, mwanamke wa milima ya juu aliyeuza maziwa sokoni, ndiye aliyemwambia Ernestine ampe maziwa yaliyoganda, na kwa kijiko, si kwa kikombe. Yakakaa.

Samaki alimshinda kwa muda mrefu. Alimchemsha, akasambaratika ndani ya maji, ukawa mchuzi wa kijivu wenye harufu ya bandarini. Herménégilde alionja, akaweka kijiko chini, akageukia ukuta. Ernestine alikwenda kuumwaga huo mchuzi nyuma ya nyumba na kukaa huko.

Ndipo akajaribu majani. Alipitisha jani la ndizi juu ya makaa mpaka likalegea, akamlaza mkeke ndani yake na chumvi, nyanya iliyomenywa na jani moja la seleri, akafunga. Ndani ya sufuria aliweka maji ya vidole viwili, juu yake vijiti vitatu vilivyokingamana, na juu ya vijiti kile kifurushi. Akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Mvuke ulifanya kazi pasipo yeye kuona. Alipofungua, nyama iliachana na mfupa yenyewe, nyeupe, yenye unyevu, na haikuwa na harufu ya kitu chochote isipokuwa samaki na jani.

Herménégilde alikula vijiko vinane. Kisha akalala ubavu, na Ernestine akaketi karibu naye akingoja mkono uende tumboni kama kila siku. Mkono haukwenda. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima.

"Iko kimya," hatimaye alisema, kwa mshangao, kana kwamba kuna mtoto mle ndani aliyekubali kulala.

Tangu siku ile hilo likawa neno lao. Baada ya kila mlo Ernestine aliuliza, iko kimya? Na mume akajibu iko kimya, au bado, au haikunyamaza. Ernestine akaacha kukaanga nyumbani, kwa sababu harufu peke yake ilimchafua roho mgonjwa. Alihamisha mbabula, lile jiko lake la makaa, na karai mpaka sokoni, kando ya Umutesi, na jioni alioga na kufua kitambaa cha kichwa kabla hajaingia ndani. Na kwa kuwa makaa yalikuwa ghali, na kwa kuwa hakupenda mume wake ale peke yake chakula cha namna ile, alikula alichokula mgonjwa. Uji. Ndizi ya kuponda. Samaki wa majani. Kwa miezi minane aliuza mikeke ya mafuta mchana kutwa bila kuonja hata mkia.

*

Waliteremka kutoka Lemera kwa jipu lililobeba watu na magunia ya muhogo. Dereva alimpa mgonjwa kiti cha mbele; Ernestine alikaa nyuma yake, magoti yakigusa mgongo wa kiti. Gari halikuwa limefika hata kona ya kwanza ndipo Herménégilde alipouliza bila kugeuka, muuguzi amesema nini.

Ernestine alikuwa ametafuta maneno tangu varandani na hakuyapata.

"Amesema uko na ruhusa," akajibu. "Ya kula kila kitu."

Chini yao tambarare ilikuwa imefunguka, na mto wa Ruzizi ulikuwa umejikunja kama kamba iliyotupwa. Ernestine aliinama mbele kuona kama mume wake amesinzia. Herménégilde akacheka, kicheko kidogo.

"Basi nimepona," alisema.

Akamwambia dereva. Dereva akapiga honi mara mbili. Abiria waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini, wakaelezwa, na mama mmoja mzee akamshukuru Mungu kwa sauti. Katika mji mdogo wa Sange, jipu liliposimama, wachuuzi walileta mishikaki ya mbuzi mpaka dirishani, na dereva akataka kumnunulia mmoja. Herménégilde alikataa kwa adabu. Alisema chakula cha kwanza atakachokula ni mikeke ya mafuta ya bibi yake, kesho saa sita, na atavaa shati safi kwa ajili hiyo.

Ernestine alitazama nje. Aliyasikia haya yote na kila neno lilimwongezea uzito, kwa sababu sasa, kama angetaka kusema kweli, ingembidi kwanza avunje furaha ya watu wa gari zima.

Jioni ile Rugenge yote ilikuwa na habari. Majirani waliingia na kutoka. Noella, binti yao aliyeolewa Kalemie, alipiga simu, na baba yake alimwambia mwenyewe, daktari amenifungulia chakula, nimeruhusiwa. Ernestine alipopewa simu alisikia binti yake analia kwa furaha huko ng'ambo, akauliza kama mama amefurahi. Alisema amefurahi. Alisema mtandao ni mbaya, akakata.

Mtu pekee aliyemweleza alikuwa Umutesi, kesho yake asubuhi, alipokwenda sokoni kuchukua karai lake. Alimweleza akiwa amesimama, kwa sentensi tatu. Umutesi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anammiminia mteja maziwa. Alimaliza kumimina, akafunika ndoo, akamshika Ernestine mkono kwa mkono wake uliolowa, na akamshika hivyo mpaka mteja mwingine alipofika. Kisha akamsaidia kuinua mbabula kichwani.

*

Mikeke aliinunua ufuoni mitumbwi iliporudi, miwili minene, macho yake bado yanang'aa. Aliipasua mbavuni, chale tatu kila upande, akaipaka chumvi na ndimu. Tangu asubuhi alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese. Alisonga bugali mpaka mikono ikamuuma. Saa tano na nusu aliweka karai juu ya makaa, mbele ya nyumba yake, mahali ambapo kwa miezi minane hapakuwa na moto.

Mafuta yalianza kulia. Alimlaza samaki wa kwanza na harufu ikapanda, ikaingia ndani ya nyumba, na Ernestine akageuka kutazama mlango, tayari kumsikia akitapika. Herménégilde alitoka, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kola yake imezunguka shingo kama pete iliyozidi kidole. Alivuta kiti, akakiweka upande ambao moshi hauendi, akakaa kumtazama akikaanga. Alimtazama mpaka mwisho.

Alimwekea meza. Samaki wawili, bugali, sombe, pilipili pembeni. Akamnawisha mikono. Herménégilde akaomba, sala fupi, akamega kipande cha samaki chini ya ngozi, mahali penye unono, akakitia mdomoni. Alikitafuna taratibu sana. Ernestine alikuwa amesimama na birika la kunawia, anangoja.

Alimeza. Kisha akaisukuma sahani, akaizungusha, mpaka vichwa vya samaki vikaelekea upande wa pili wa meza.

"Kula weye," alisema.

Ernestine alidhani amechoka. Akamwambia apumzike kidogo, atamalizia baadaye, atamtolea miiba.

"Hapana. Ikaa. Kula."

Akaketi.

"Minye najua, Mama Noella," Herménégilde alisema. "Sikutaka dokta anieleze juu najua. Minye ni fundi. Nikikuta nyumba imepasuka toka kwa musingi, simukatazi mwenye nyumba kugonga misumari. Agonge tu anapotaka. Haiharibu tena kitu."

Birika lilikuwa bado mkononi mwa Ernestine. Aliliweka chini, lakini hakuliweka sawa, likaanguka, maji yakakimbia kwenye vumbi. Hakuna aliyeliinua.

"Juu ya nini basi ukaambia watu umepona?" aliuliza.

Herménégilde akasema kwamba ndani ya jipu, aliposikia sauti ya Ernestine ikimwambia ana ruhusa, alijua kwamba naye ameshajua, na hakutaka walie mbele ya wageni. Halafu neno lilipotoka likajiendea lenyewe. Watu walifurahi. Akawaachia.

"Na juu ya nini ukataka nikaange, kama hautakula?"

"Juu yako." Alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili, na vidole vikakutana na kupitana. "Weye umekonda kuliko minye. Miezi minane unakula chakula ya mugonjwa na uko muzima. Ningekuambia ukaange yako, ungekataa. Kula, nikuone."

Ernestine alikula. Kwanza alidhani hatameza. Lakini ngozi ilivunjika kwenye meno, chumvi na ndimu na mafuta vikaenea ulimini, na mwili wake, usiojua habari yoyote ya Lemera, ukapokea. Alishtuka kuona ana njaa. Alikula samaki wa kwanza, akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akachukua pilipili. Alikula wa pili. Herménégilde hakuondoa macho. Alipofika kichwani, akasita, naye akamwonyesha kwa kidevu aendelee, nacho akakila, akanyonya macho na mashavu kama mume wake alivyokuwa akifanya zamani, mpaka sahani ikabaki na mifupa mitupu.

Haikupita saa moja tumbo likamgeuka. Lilianza na uzito chini ya mbavu, kisha mcheuo wenye ladha ya mawese, kisha mkato uliomfanya ajishikilie ukutani. Jasho lilimtoka usoni. Mwili ulikuwa umeyasahau mafuta. Alikimbilia nyuma ya nyumba, na aliporudi, amejipangusa mdomo kwa pindo la kitenge, Herménégilde alikuwa ametandika mkeka ndani.

"Lala kushoto," alimwambia.

Alilala. Akaomba maji. Mume akamjibu asubiri kwanza nusu saa, maji pamoja na chakula ni vibaya. Alisema hivyo bila kutabasamu, kwa sauti ileile aliyoitumia Ernestine kwa miezi minane. Kisha naye akajilaza nyuma yake, polepole, kwa hatua, kwanza goti, halafu kiwiko, na ule mkono mkubwa ukapita juu ya ubavu wake ukatulia tumboni.

"Iko kimya?"

"Haiko kimya," Ernestine alisema, na hapo ndipo alipolia.

Alimwacha alie. Nje mahali fulani mafundi wengine walikuwa wakichonga mawe, nyundo mbili zisizokwenda pamoja. Mteja mmoja, aliyevutwa na harufu, alibisha hodi akiuliza kama kuna samaki. Akangoja, akaenda zake. Walibaki vile mpaka jua likaondoka mlangoni.

"Kesho," Herménégilde alisema, "unipikie ile ya majani."

*

Aliishi siku kumi na nane baada ya hapo. Zaidi ya kile kipande kimoja, ruhusa ile hakuitumia. Alikula samaki wa majani kwa wiki moja, kila siku kijiko kimoja pungufu, na Ernestine akaona mwenyewe jinsi mambo yanavyorudi nyuma: kutoka nyama ya samaki mpaka maji yake, kutoka ndizi ya kuponda mpaka uji, kutoka uji mpaka maji ya mchele. Macho yalimwiva manjano. Majirani waliokuwa wamefurahi naye waliacha kuuliza. Noella alifika kutoka Kalemie kwa boti, akamkuta baba yake anamtambua bado, na hakumwuliza mama yake juu ya ile simu.

Ernestine aliendelea kupika mara sita kwa siku. Alichuja, akapoza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akabeba bakuli mpaka kitandani, akarudi nalo limejaa na kumwaga. Noella alimwambia aache, angalau apumzike. Hakuweza. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, alikuwa anapitisha maji ya mchele kwenye kitambaa wakati binti yake alipomwita mara moja tu, kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimaliza kuchuja. Akakunja kitambaa, akakiweka juu ya bakuli ili nzi wasiingie, ndipo akaenda.

Walimzika Uvira, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata barabara ya mlimani. Kaka zake walifika siku ya pili baada ya maziko, watatu, matope mpaka magotini, kila mmoja na mzigo wa muhogo mtamu mgongoni. Sehemu kubwa ya njia waliipita kwa miguu. Nyumba ilikuwa imeshatulia. Masufuria ya majirani yalikuwa yamerudishwa, Noella amelala kwa uchovu. Waliketi, wakaomba. Hakuna aliyetaja chakula, lakini Ernestine alijua kwa midomo yao kwamba hawajala tangu jana.

Alitoka, akaingia jikoni, akabandika maji. Akachukua muhogo wao wenyewe, akakaa chini, akaanza kumenya. Hakuwa bado ameamua ataupika vipi.

Mlango ulipata giza. Alikuwa Michée, mkubwa wa wale kaka, mzee wa kanisa, mtu wa miaka zaidi ya sitini ambaye Ernestine hajawahi kumwona akivuka kizingiti cha jiko lolote. Aliinama chini ya bati, akatafuta mahali, akageuza ndoo tupu na kuikalia. Alitoa kisu kidogo mfukoni. Alichukua muhogo mmoja kwenye rundo, akaugeuza mkononi akitafuta pa kuanzia.

Alimenya vibaya. Alikata maganda mazito, na nyama nyingi nyeupe ikaondoka nayo. Ernestine aliona, akaendelea kumenya wake. Kila ganda Michée aliliweka kando ya mguu wake, kwa uangalifu, moja juu ya jingine.

Baadaye aliuliza amenye mingapi.

"Yote," Ernestine alisema.

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Michée akasogeza ndoo yake ndani kidogo, akachukua mwingine.